Siku Kompyuta ya Katibu Ilipowaka

Mtaa mzima unamwita kaka yangu Katibu, na hata mimi niliyetoka naye tumbo moja nimeshaacha kumwita vinginevyo. Ukatibu wake ulianza shuleni, alipopewa kazi ya kuandika majina ya wanaopiga kelele darasani, akaishia kuandika jina lake mwenyewe kwa kuwa alikuwa akiyasoma kwa sauti. Tangu hapo hakuponyoka. Kamati ya maji ni yeye, kamati ya wazazi ni yeye, kamati za harusi ndiyo usiseme. Ziko harusi mbili zilizovunjika kabla ya siku yenyewe, na muhtasari wa jinsi zilivyovunjika anao. Ukisimama naye barabarani mkasalimiana na mtu wa tatu, usishangae akitoa kalamu.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ya ukarani katika ghala la mbegu na mbolea. Alipostaafu, wenzake walimuaga kwa kumpa kompyuta iliyokuwa mezani kwake, nadhani ili wapate sababu ya kununuliwa nyingine. Ni ile ya kizamani, yenye kisanduku cha chuma kinachosimama kama mlinzi kando ya skrini. Kaka aliiweka sebuleni mahali pa redio, akaifunika na kitambaa cha redio, ambacho wifi yangu, yaani mkewe, alikifuma kwa mkono wake akiwa bado mchumba. Redio ikahamia jikoni. Wifi hakusema neno siku hiyo, na mtu anayemjua wifi yangu anajua kwamba hilo lilikuwa neno kubwa.

Mama yetu anaishi nao. Mama alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno, mwenye uwezo wa kukupima nguo na kukusema kwa wakati mmoja. Kaka alipokosa cha kufanya baada ya kustaafu, aliamua kuandika maisha ya Mama. Kila alasiri wakishakunywa chai, Mama alikaa kwenye kiti cha dirishani akasimulia, na Kaka akachapa kwa vidole viwili, huku akimwomba asiende mbio. Niliposikia nilifurahi sana, mpaka siku niliyosoma. Jamaa alikuwa ameyaandika kama anavyoandika kila kitu.

"Kikao kilifunguliwa na Mama baada ya chai," ndivyo ulivyoanza ukurasa wa kwanza. "Waliohudhuria: Mama, Katibu. Ambao hawakuhudhuria bila taarifa: mdogo wa Katibu." Huyo ni mimi. "Ajenda ya kwanza: cherehani ya kwanza. Mama alieleza kwamba alitumwa dukani chumvi, akarudi na cherehani. Katibu aliuliza kuhusu chumvi. Mama alisema chumvi haikuwa muhimu. Hoja ilipokelewa."

Nilimwambia maisha ya mtu hayana ajenda. Akanijibu kwa upole kwamba ndiyo maana watu hupotea. Nikamwacha. Kubishana na Kaka ni kazi, kwa sababu baadaye anakusomea ulichosema.

Kisha Mama akaanza kusahau. Mwanzoni tulicheka naye, maana alisahau miwani iliyokuwa usoni. Halafu akawa anamwita wifi kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Asubuhi moja akamuuliza Kaka, kwa adabu kabisa, yeye ni mtoto wa nani. Kaka alimweleza vizuri, hatua kwa hatua, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia, na mimi niliyemfuata ili nimtanie nilijikuta nalia naye.

Hapo ndipo alipokata shauri. Mama alikuwa bado na siku zake nzuri, na Kaka alitaka katika mojawapo ya siku hizo amsomee yote aliyoyasimulia, toka mwanzo hadi mwisho, ili Mama ayathibitishe. Kwa Kaka, muhtasari usiothibitishwa na mwenyewe ni umbea tu. Alitaka kumsikia Mama akisema ndiyo, huyu ni mimi, kabla hajafika mahali ambapo hawezi kulisema tena. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na siku nzuri za Mama zilikuwa zinazidi kuwa chache.

Basi ndio umeme nao ukachagua msimu huo. Ulikuwa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, utadhani kuna mtoto mahali fulani anachezea swichi. Ulipotulia, Kaka aliondoa kitambaa, akabonyeza kitufe, kitaa cha kijani kikawaka, feni ikavuma, na skrini ikabaki nyeusi ikiwa na mstari mmoja wa maandishi meupe uliosema kwamba haioni diski. Akazima, akawasha tena. Mstari uleule. Mara nyingine hata mstari haukuja, ilipiga mlio mmoja kama kifaranga kisha kimya.

Kila mtu alikuwa na lake. Wifi alisema ni joto, kompyuta haipaswi kufunikwa na kitambaa, hasa kitambaa cha redio. Jirani yetu kinyozi aliiangalia kutoka dirishani na kusema imechoka. Mimi nilimuuliza Kaka kama hakuweka nakala mahali pengine, nikitegemea jibu la mtu mzima. Alisema nakala ipo. Nikashusha pumzi. Akasema iko ndani ya kompyuta hiyohiyo, kwenye faili linaloitwa Nakala.

Fundi wa kompyuta aliyekuwa akilihudumia lile ghala tunamwita Nakuja. Ni kijana mwenye moyo safi na mikono mizuri, tatizo lake ni hilo neno. Ukimpigia asubuhi anakuja, ukimpigia mchana yuko njiani, ukimpigia jioni alishafika ila hakukukuta. Kwa hiyo matibabu yalifanyika kwa simu, mimi nikiwa nimeketi pembeni na chai yangu, na siku hiyo nilivunjika mbavu.

"Mzee Katibu, hebu fungua kompyuta," fundi alisema.

Kaka aliweka simu mezani, akaenda kutafuta bisibisi. Alitoa skrubu moja moja, akazipanga juu ya gazeti kwa ukubwa wao, akachomoa ubavu wa kisanduku, akarudi kwenye simu.

"Nimefungua."

"Haya, unaona nini?"

"Vumbi. Na mjusi."

"Mjusi yuko kwenye skrini?"

"Skrini sijaigusa. Mjusi yuko ndani, amekauka."

"Mzee, nilisema ufungue. Sikusema ufungue."

Ilikuwa kazi kuelewana kwamba alimaanisha aiwashe. Alipotaka kurekebisha mambo akasema basi ifunge, akimaanisha aizime, na Kaka akaanza kurudisha skrubu. Nilimnyang'anya simu nikamwambia fundi achague maneno mengine, mwenzie huyu anaandika mihtasari, anafuata neno kama lilivyo. Tukakubaliana kwamba kuanzia hapo itakuwa washa, zima, na bomoa. Fundi alikata simu, nadhani ili acheke kwa nafasi.

Siku zilizofuata walibomoa sana. Fundi alimwambia achomoe waya ukutani, kisha akishikilie kitufe kwa muda ili umeme uliobaki ndani uishe. Kaka alikishikilia mpaka kidole kikafa ganzi. Akamwambia achomoe vile vibao virefu vya kumbukumbu, avisugue miguu kwa raba ya kufutia penseli, avirudishe mpaka viseme "ka!". Vilisema "ka!" Kompyuta haikusema kitu. Kaka akawa anakula haraka, akilala anageukageuka, na kila Mama alipoamka na uso mwepesi, akamtambua, akamuuliza mbona umekonda mwanangu, Kaka alikuwa anaitazama kompyuta kwa chuki. Siku nzuri nyingine ilikuwa inapita bure.

Katikati ya hayo kukatokea jambo la stabilaiza, lile sanduku dogo la kutuliza umeme ukirudi kwa nguvu. Umeme ulirudi kwa nguvu, na lenyewe ndilo likahitaji kutulizwa. Lilianza kunuka, likatoa moshi, na wifi akalisukuma kwa ufagio hadi uani likiwa bado linafoka. Kuanzia siku hiyo akaweka ndoo ya maji mlangoni mwa sebule. Kaka alimweleza kwamba maji na umeme havipatani, na kwamba mchanga ungefaa zaidi. Wifi akasema hamwagi mchanga kwenye sebule anayoifagia mwenyewe, na mjadala ukafungwa.

Hatimaye fundi aliuliza swali ambalo alipaswa kuliuliza mwanzo: kompyuta, hapo ilipokuwa bado inawaka, ilikuwa inaonyesha tarehe ya lini? Kaka akakumbuka kwamba kila umeme ukikatika ilikuwa ikirudi kwenye mwaka wa zamani, naye alikuwa akiirekebisha tu, akidhani ni tabia yake. Fundi akamwelekeza atafute ndani kitu cha duara, chenye kung'aa, kama kifungo cha koti.

"Hiyo ni betri yake," alisema. "Ndiyo inayoikumbusha mambo yake umeme usipokuwepo. Imekufa hiyo. Sasa umeme ukikatika inasahau kila kitu. Ikiamka haijui leo ni lini, haijui hata kama ina diski."

Kaka aligeuka akamtazama Mama aliyekuwa anasinzia kwenye kiti cha dirishani, na mimi nikaitazama chai yangu.

"Na ikiwekewa mpya, inakumbuka?" aliuliza.

"Haikumbuki yenyewe, mzee. Unaikumbusha wewe. Unaiandikia tarehe, unaionyesha diski yake iko wapi, basi, inaendelea."

Betri ilipatikana kwenye duka la saa. Kaka aliibonyeza mahali pake kwa kidole gumba, akawasha, akafuata maelekezo ya fundi sehemu kwa sehemu kwenye ukurasa wa bluu, akaandika tarehe, akaitaja diski kuwa ya kwanza, akahifadhi. Mimi nilikuwa naondoa vikombe. Wifi alikuwa uani anafua. Skrini ikawa nyeusi. Halafu ikatokea ile picha ya mwanzo, na duara dogo likaanza kuzunguka.

Sasa hapa lazima nieleze kitu kuhusu kaka yangu. Ni mtu asiyepaza sauti. Hatujui furaha yake inasikikaje, kwa sababu hajawahi kuitoa nje. Siku hiyo aliitoa, na ilitoka kama ya mtu aliyekanyaga msumari.

"Inawaka!" alipiga kelele. "Mke wangu, inawaka! Njooni, inawaka!"

Wifi hakuuliza swali. Alivuka mlango na mapovu mikononi, akaiokota ndoo bila hata kusimama, na maji yote yakatua juu ya kompyuta, meza, kitambaa na mume wake. Kitu kikalia pa. Taa ya sebule ikazimika. Feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikasimama.

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye meza kwenda sakafuni. Mama aliamka, akatutazama, akauliza kama mvua imeanza.

"Moto uko wapi?" wifi aliuliza.

"Hakuna moto," Kaka alisema, matone yakimdondoka puani. "Nimesema inawaka."

"Ndiyo. Inawaka."

"Inawaka, imepona. Inafanya kazi."

"Mtu akinipigia kelele nyumba inawaka, nisubiri ufafanuzi?"

Ningecheka kama si uso wa Kaka. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa kwenye kiti kilicholoa, akakiokota kitambaa pale mezani, akakikamua taratibu, akamrudishia mkewe. Wifi alikipokea akaenda nacho jikoni, na huko nilimkuta ameegemea ukuta, analia kwa hasira. Aliniambia yeye ndiye anayemwogesha Mama, yeye ndiye anayeitwa kwa jina la marehemu na kuitikia, na sasa itasemwa kwamba yeye ndiye aliyemzamisha. Nilimwambia hakuna atakayesema hivyo. Nilikuwa na wasiwasi kwamba iko siku nitasema mwenyewe, kwa hiyo nilijiuma ulimi.

Nilimpigia simu fundi. Nilipofika kwenye ndoo, aliniomba nirudie. Nikarudia. Alicheka mpaka simu ikamwanguka, kisha akasema nakuja, na mara hii, kwa mshangao wa ukoo mzima, akaja. Nadhani alitaka kuona kwa macho yake. Alikuta Kaka ameanika vipande vyote juani kama dagaa, akavichambua kimoja kimoja. Kile kinachogawa umeme kilikuwa kimekwenda na maji. Ubao mkubwa nao aliutikisia kichwa. Diski ilikuwa imekaa juu kwenye kizimba chake, imerushiwa matone tu. Akaifuta kwa fulana yake, akaichomeka kwenye kompyuta aliyokuja nayo mkobani.

Yote yalikuwemo. Hata lile faili la Nakala. Fundi alilinakili mahali kadhaa tofauti huku akimwangalia Kaka kwa jicho la lawama, kisha karatasi zikachapwa, furushi zima.

Tukasubiri siku nzuri. Haikuja upesi. Hatimaye alasiri moja Mama aliamka akaulizia miwani yake, akaivaa, akasema dirisha hili chafu, na Kaka akakimbilia koti. Ndiyo, alivaa koti. Akasimama mbele ya Mama akiwa na karatasi zake, mimi nikakaa kwenye mkeka, wifi akabaki mlangoni. Tangu siku ya maji yeye na mumewe walikuwa wakizungumza mambo ya chumvi na mkaa tu.

"Kikao kilifunguliwa na Mama baada ya chai," Kaka alisoma. Alisoma cherehani, alisoma chumvi. Alisoma habari ambayo mimi sikuwahi kuisikia: "Mama alieleza kwamba katika ujana wake alijiwa na mchumba mwenye baiskeli mpya. Mama alisema alimkataa mbele ya watu. Katibu alitaka kujua kama wazazi waliridhika. Mama alisema hawakuulizwa." Mimi nilicheka peke yangu. Mama alikuwa anasikiliza kama mgeni anavyosikiliza habari za watu asiowajua, kwa heshima, mikono juu ya mapaja.

Kaka alifika mwisho wa sehemu hiyo, akashusha karatasi. "Mama, unathibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa?"

Mama alimtazama. Aliona kwamba mtu huyu anahitaji kitu kutoka kwake, na akajitahidi kumpa.

"Baba yangu," alisema, "mimi kwenye hicho kikao sikuwepo. Na huyo mama unayemsema simjui. Mama yangu alikuwa mpole, hakumkataa mtu."

Kaka alizikunja karatasi kwa uangalifu, pembe kwa pembe, na midomo ilikuwa inamcheza. Niliumia kuliko siku ya maji. Nilitaka kusimama nimtoe nje kabla Mama hajaona, lakini wifi alishatangulia.

"Unamsomea habari za Mama," alimwambia. "Mama kwake ni nani? Si ni mama yake? Toa hayo maneno yako ya Mama alieleza, Mama alisema. Msomee yeye."

"Muhtasari haubadilishwi," Kaka alisema, lakini alilisema kinyonge.

"Basi lete. Mimi si katibu."

Alizichukua karatasi. Alivuta kiti karibu mpaka magoti yake yakagusa ya Mama, akasoma polepole, akilitafuta kila neno na kuligeuza kabla ya kulitoa. "Nilijiwa na mchumba. Alikuwa na baiskeli mpya. Nikamkataa mbele ya watu. Wazazi wangu..."

"Kengele," Mama alisema.

Wifi akaacha kusoma hapohapo. "Kengele gani, Mama?"

"Ya baiskeli. Kila akitaka kusema jambo, kwanza anapiga kengele. Nikajiuliza, nikishaolewa huyu si atakuwa ananiita kwa kengele?" Akacheka, kicheko chake kilekile cha kwenye cherehani, ambacho nilishakizika moyoni. "Baba akaninunia. Lakini nilimwona mabega yanamtikisika, alikuwa anacheka yule. Akatoka nje ili nisimwone."

Hayo hayakuwa kwenye karatasi. Nilijua hayakuwepo kwa jinsi Kaka alivyoanza kujipapasa: mfuko wa shati, mifuko ya suruali, mifuko ya koti yote miwili, ya ndani pia. Hakuwa na kalamu. Mama aliacha kusimulia, akamtazama mtu huyu anayejipigapiga mbele yake.

"Na huyu mwenye koti ni nani?"

"Ni mwanao, Mama," wifi alisema.

"Basi akae asikilize. Mimi haya sitayarudia."

Kaka yangu akavuta kigoda, akakaa karibu na mkewe, mikono mitupu juu ya magoti.